Miche ya Baba na Nguruwe wa Mtani

Naapa, haya ni kweli tupu, sijatia chumvi hata chembe. Zamani niliapa kwa nguruwe wangu. Siku hizi nguruwe sina.

Nilipostaafu kazi ya posta hapa kisiwani Taveuni, nililima magimbi. Magugu niliyaua kwa dawa, bomba mgongoni, bila glavu, bila kuziba pua.

"Baba Litia, vaa glavu!" mke wangu Vasiti alilalamika. "Kaka yako alipuliza hivyohivyo. Leo kikombe kinamtetemeka mkononi. Sitaki kukulisha kwa kijiko!"

"Tulia, mama. Redioni wamesema chembe za mishipa ya fahamu zikisumbuliwa kidogo, zinakuwa sugu. Sumu ikija baadaye, zinavumilia. Basi mimi nazizoeza."

Vasiti alimwita nesi Mereoni. Nesi alikaa mkekani, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee Sakeasi, redio umeisikia kwa sikio moja! Baba yako alikuzaje miche ya kava?"

Nikamkumbuka baba, na mikono yake yenye harufu ya udongo wa mvua. Miche ya kava, mmea ambao mizizi yake tunaitwanga na kuinywa, aliilea kivulini. Kila asubuhi aliionjesha jua kidogo, kisha akairudisha. "Ikinyauka kidogo leo, haitakufa kesho," alisema. Nasi watoto alitupandisha mlimani kabla ya chai, vikapu mgongoni, tukiimba.

"Je, aliionjesha sumu?" nesi akauliza.

"Hata kidogo!"

"Haya. Watafiti walizipa chembe hizo taabu ndogo, iliyopimwa, wakazipumzisha. Zikaamsha kinga yake. Sumu ilipokuja, nyingi zikapona. Lakini hiyo ni maabara. Kwa watu bado wanachunguza. Wewe unapimia nini, kofia? Kilichomtetemesha kaka yako sikijui, ila dawa hiyo hupenya ngozi, na mtu haizoei. Kata magugu kwa panga. Ukilazimika kupuliza, vaa glavu, ziba pua na mdomo, oga kwa sabuni. Ukitaka kuusumbua mwili, fanya kama baba yako: panda mlima, toka jasho, pumzika."

Glavu nilivaa, na panga nikanoa. Na kila asubuhi nilirudi kutoka shambani mlimani, shati limelowa. Vasiti alifurahi, akanipikia samaki kwa tui zito. Nami nikajigamba kanisani: "Mlima wote kwa miguu! Nikidanganya, Ilaitia amchukue nguruwe wangu!"

Ilaitia ni mtani wangu. Kwetu, mtani akitwaa kitu chako, kununa ni mwiko.

"Mtani," akasema mbele ya watu wote, "jasho lako lina samaki wadogo? Jana nilikuona ukishuka kwenye lori la magimbi, ukachovya shati kijitoni."

Kanisa zima lilicheka. Vasiti hakucheka.

"Mchukue nguruwe," nikasema.

"Nimchukue? Nyumba yangu iko juu kabisa. Utamleta wewe. Kwa miguu."

Jumatatu nilimvuta kwa kamba. Mahali pengine yeye ndiye aliyenivuta. Karibu na kilele nikaliona jiwe ambapo utotoni tulitua vikapu vya baba. Nikakaa. Shati lilikuwa limelowa, na kijito kilikuwa mbali sana.

Tangu siku ile napanda kila asubuhi. Chai yangu nainywa mwenyewe, haimwagiki. Nguruwe aliliwa Jumamosi ile. Ilaitia aliniletea mkia, nami nikacheka, kama desturi inavyotaka.