Ukurasa Ambao Haukugeuzwa

Kila asubuhi Mwalimu alifungua kabati la chuma, akatoa vishikwambi, kisha akawasha kisanduku cheusi kilichohifadhi masomo yote. Shuleni hapakuwa na intaneti. Masomo yalitoka kwenye kisanduku hicho, na mwisho wa muhula mtathmini alikuja kwa pikipiki kuchukua matokeo. Mradi wenyewe ulikuwa wa majaribio. Mambo yakienda vizuri, vishikwambi vingebaki.

Wasichana wawili wa dawati la mbele walitumia kishikwambi kimoja kwa zamu. Mmoja aliitwa Chapuchapu, maana hata chai hakuisubiri ipoe. Mwenzake aliitwa Kimya. Kimya hakuwa mjinga hata kidogo, ila kusoma kulimpiga chenga. Kila alipokosea, kishikwambi kililia "tuu!" na darasa zima likaangua kicheko. Chapuchapu alishindwa kuvumilia, akawa anamjibia. Nyota za Kimya, ambazo kishikwambi kilitoa kwa kila jibu sahihi, zikaongezeka, na mashine, ikidhani anajua, ikampeleka kwenye masomo magumu zaidi.

"Sasa sielewi hata neno moja," Kimya alinong'ona.

"Usijali. Mimi nipo."

Kimya aliishi na bibi yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Bibi alifurahia zile nyota mno. Hakuna jirani ambaye hakusimuliwa. Jioni moja Chapuchapu alikwenda kumjulia hali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapo tumsikilize msomi wetu."

Kimya alifungua kitabu, akasimulia hadithi aliyoijua tangu utotoni, macho yakiwa kwenye karatasi. Alisimulia vizuri sana. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akamshika mkono.

"Mbona ukurasa hujaugeuza, mama?"

Kimya akainamisha kichwa.

"Haya, si neno. Utanisomea siku nyingine. Nitasubiri."

Siku nyingine haikuwapo. Bibi alifariki kabla muhula haujaisha.

Mtathmini alipofika, alitazama matokeo akatabasamu. "Huyu ndiye aliyepiga hatua kuliko wote," alisema. "Njoo mbele utusomee."

Kimya alisimama na kitabu mkononi. Kidole chake kilisimama kwenye neno la kwanza, kisisogee. Safari hii hakuna aliyecheka. Chapuchapu alijua kwamba akisema ukweli huenda vishikwambi vikachukuliwa, na darasa zima lingemnunia. Lakini aliukumbuka ule mkono wa bibi, na moyo ukamuuma.

"Nyota zile si zake," alisema huku akilia. "Nilikuwa namjibia mimi."

Mtathmini alivua miwani. "Afadhali umesema. Nimekuja kujua panapouma, nanyi mlikuwa mnaniambia hapaumi. Vishikwambi havitaondoka leo. Ila mwenzenu atarudi somo la kwanza, na kuanzia sasa kila mtu atajibu mwenyewe."

Baada ya masomo Mwalimu aliwabakiza wote wawili.

"Najua ulifanya hivyo kwa kumpenda," alimwambia Chapuchapu. "Lakini ulimnyima nafasi ya kukosea, na mimi ukaninyima nafasi ya kumfundisha. Ukitaka kumsaidia mtu, kuwa mkweli, kaa naye anapokosea, umngoje."

"Nisamehe," Chapuchapu alimwambia mwenzake.

"Nami nilikuachia tu," Kimya alijibu. "Niliogopa kuchekwa."

Tangu siku hiyo "tuu!" ilisikika mara nyingi kwenye dawati la mbele. Chapuchapu aliikalia mikono yake ili isiponyoke. Muhula uliofuata, Kimya alikuja na kile kitabu alichojifanya kumsomea bibi. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alikwama, akarudia, akaendelea, mpaka akafika mstari wa chini kabisa.

Akaugeuza ukurasa. Kisha akainamia dawati, akalia.

"Alisema atasubiri," alisema.

Chapuchapu alisogea karibu naye. Alimshika mkono, wakakaa.