Sungura wa Bwana Gombau

Katika zama za mashati ya chuma na panga ndefu, yapata miaka mia tisa iliyopita, palikuwa na mchonga mawe aitwaye Sunyer katika kijiji cha Wakristo kilichojibanza milimani, mpakani mwa nchi ya Wafaranki, Ufaransa ya leo. Alirudi kijijini kutoka vitani kwa mwendo wa siku kumi na mbili, na hasira aliyorudi nayo ilikuwa nzito kuliko mkuki begani mwake.

Mtawala wao, Bwana Gombau, aliwaswaga wanakijiji thelathini, Sunyer akiwa mmoja wao, kwenda kuuzingira mji wa mbali. Adui walipofungua lango na kutoka, Gombau aligeuza farasi akatimua mbio. Miró, mdogo wake Sunyer, alibaki darajani na shoka lake ili wenzake wavuke salama, akafia pale pale. Lakini Gombau ndiye aliyewahi kufika nyumbani, basi akasimulia atakavyo. Alitangaza kwamba Miró ndiye aliyekimbia, na akakataza jina lake kutajwa katika misa ya wafu; waliorudi nyuma yake hawakuthubutu kumpinga.

"Sasa anataka umchonge simba juu ya mlango wa kanisa jipya," alisema Padri Oliba. "Simba mwenye ngao ya funguo tatu, alama ya ukoo wake. Mchongee, mwanangu. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nitaubusu, Baba," Sunyer alijibu. "Ila meno ninayo."

Akachonga simba. Gombau akaja, akamtazama, akaondoka kifua mbele. Hakuinua macho zaidi ya hapo. Kwa desturi ya mafundi wale, mawe madogo yaliyobeba ukingo wa paa yalikuwa ya fundi mwenyewe: alichonga apendacho, nguruwe mpiga zumari au punda msoma Zaburi, wala hakuulizwa. Jiwe la mwisho Sunyer alilichonga kwa ghadhabu.

Siku ya kuliweka wakfu kanisa, askofu alilizunguka mara tatu, umati nyuma yake. Katika mzunguko wa tatu alinyunyizia kuta za juu. Maji ya baraka yaliporushwa, macho yakayafuata. Kwanza alicheka mjane mmoja, kisha kijiji kizima. Pale juu palikuwa na sungura mwenye kofia ya chuma, amempanda konokono kinyumenyume, macho yamemtoka pima, mgongoni ngao ya funguo tatu. Sungura wa watu wale hakuwa mjanja kama wetu. Kwao alikuwa mwoga, basi.

"Libomoeni jiwe lile," alifoka Gombau.

"Limekwisha kupata maji," alisema askofu, midomo ikimcheza. "Atakayeligusa nitamtenga na Kanisa."

"Basi aliyelichonga ahame leo hii."

Sunyer alimkazia macho. "Nitahama. Lakini nilikuwapo darajani, Bwana, na nilikuona. Ndugu yangu alisimama. Wewe ulikimbia, na pale juu utakimbia mpaka kiyama."

Akaondoka na nyundo na patasi zake, asirudi tena. Makarani wa Gombau waliandika kitabu kizima cha ushujaa wa bwana wao, panya wakakila. Ngome yake ikawa malisho ya mbuzi. Sungura bado yupo. Wageni humcheka, kisha huuliza alikuwa akikimbia nini, na wenyeji, kabla ya kujibu, huanza kwanza na habari za Miró.