Redio ya Ambulensi Ilipokoroma

Kila Jumamosi asubuhi Kiherehere aliosha vyombo huku akimmiminia mama yake maswali. Ndiyo maana alipewa jina hilo. Mama yake alikuwa mpimaji wa mawimbi ya redio. Kazi yake ilikuwa kutafuta mitambo inayovuruga mawasiliano ya wengine.

Siku hiyo dereva wa ambulensi alibisha hodi akihema. "Dada, redio yangu inakoroma tu! Hospitali wananiita, siwasikii. Jana nusura mama mjamzito ajifungulie barabarani."

Mama alichukua ramani na antena ya mkononi iliyounganishwa na redio ndogo. Pale nje ya nyumba aliizungusha antena taratibu. Mkoromo ulipozidi nguvu, Kiherehere alichora mstari kwenye ramani kuelekea upande huo. Dereva akawapeleka kupima tena kando ya ghala la mabati. Mistari miwili ikakutana kwenye kibanda cha fundi redio.

"Nilijua tu!" alifoka jirani wa fundi, mwenye duka la mikate. "Mfungieni kibanda!"

Watu wakajaa. Fundi aliduwaa. "Jamani, nimezima kila kitu tangu asubuhi!"

Kiherehere akamvuta mama mkono. "Mama, sauti ikigonga ukuta hurudi. Je, wimbi likigonga mabati?"

Mama aliitazama ramani, kisha akatabasamu. "Hapo nimeteleza, mwanangu. Wimbi liligonga mabati ya ghala, likatupotosha. Tukapime upya, mahali pa wazi."

Jua lilichoma, lakini hawakukata tamaa. Walifuta mstari wa ghalani, wakapima uwanjani, kisha wakapanda kupima kilimani. Safari hii mistari mitatu ilikutana mahali pamoja: duka la mikate!

Juu ya paa walikuta kikuza mawimbi cha televisheni kilichoharibika, kikirusha mawimbi ovyo. Mwenye duka alikichomoa mwenyewe, uso umemshuka. Papo hapo redio ya ambulensi ikasema bila mkwaruzo, "Dereva, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri kabisa!"

Mtaa mzima ukalipuka kwa vifijo.

"Nisamehe, jirani," mwenye duka alimwambia fundi. "Ulimi umenitangulia."

"Yamekwisha," fundi alicheka. "Lete hicho kidude nikitengeneze."

Mama alimkumbatia bintiye mbele ya watu wote. "Leo umeokoa jina la mtu, na wagonjwa watafikiwa mapema, kwa kuwa hukuona haya kuuliza. Kabla hujamnyooshea mtu kidole, hakikisha. Na ukikosea, usione aibu kurudi ukapime upya."