Pamba Chini ya Patrol

"Kez, hizo bushi bado tu?"

Nilikuwa chali chini ya gari letu la Patrol, uani kwetu Charleville, nikipambana na mkono wa chuma unaoshika ekseli ya mbele, na bushi zake za mpira. Mume wangu Darryl, Daz kwangu, alikuwa amekalia kasha la barafu, saa tano asubuhi na bia mkononi. Alirudi jana kutoka mgodini, gari likigonga kila likikuta shimo. Fundi wa nyumba yetu ni mimi. Marehemu baba alinishikisha spana kabla sijajua kusoma.

"Zimekwisha, Daz. Mpira umebaki uji. Ulipita wapi?"

"Njia ileile ya magharibi. Si unaijua ilivyo."

Nikachokoa tope lililoganda ili nikione kichwa cha bolti. Pande zima likaniangukia kifuani. Lilikuwa jeusi.

Udongo wa kwetu mwekundu, wa mgodini mwekundu zaidi. Soksi zake nafua mpaka nachoka. Nikalivunja lile pande. Ndani mlikuwa na pamba, nyeupe kabisa. Pamba inalimwa St George, kwenye udongo mweusi, mwendo wa saa tatu na zaidi kusini mashariki, na huko ndiko anakokaa Janelle, mchumba wake wa kabla yangu.

Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawaka. Mikono nikaiacha iendelee na kazi.

"Lilianza kugonga lini?"

"Jana, nikikaribia nyumbani."

"Ulikuwa peke yako?"

"Na nani tena? Maswali gani hayo, Kez?"

"Nipe simu yako nimulikie. Tochi yangu imezima."

Akasita, akanipa. Nilikuwa napachika bushi ya pili ujumbe ulipoingia. Jina: Janno Matairi. Nikausoma kwa sauti, palepale chini.

"Umefika salama, mpenzi? Ule mlio wa mbele umepungua? Bado nausikia masikioni."

Kasha la barafu likalia kwa kuachwa ghafla.

"Kez, sivyo unavyofikiri."

"Fundi wa matairi anakuita mpenzi. Huduma nzuri hiyo."

"Toka huko chini tuongee."

"Nina bolti nne bado."

Nikazipachika zote, nikazikaza kwa vidole tu. Nikatoka, nikarudisha magurudumu, nikashusha jeki polepole. Daz alikuwa ananifuata nyuma.

"Sema kitu basi. Nitukane."

"Bushi haikazwi gari likiwa linaning'inia, Daz. Ukiikaza hivyo inajipinda, inachanika mapema. Gari linashuka kwanza, linasimama kwa uzito wake, ndipo unakaza. Na mimi umenining'iniza vya kutosha. Tangu lini?"

Akatazama bia yake.

"Aprili."

"Siku ngapi?"

"Nne. Nne za mwanzo, kila likizo."

Siku hizo nne nilikuwa naoka mguu wa kondoo, naupasha, naupasha tena, nikiwalaani wakubwa wa mgodi kwa kumwongezea mume wangu zamu, kama alivyoniambia. Niliwaonea bure watu wa watu.

Nikaingia tena chini. Nikakaza bolti moja moja mpaka spana ikalia klik. Nilipomaliza nikafuta mikono, nikaliweka pande la tope na pamba yake kwenye kiti cha abiria, nikampa funguo.

"Unanitengenezea gari ndipo unifukuze?"

"Kazi nusunusu sijazoea mimi. Hiyo ni yako."

"Kez, tafadhali. Nitampigia sasa hivi, nimwambie basi."

"Usimpigie. Mpelekee gari alisikilize mwenyewe. Haligongi tena."

Alisimama pale mpaka bia ikapata moto. Halafu akapanda, akaondoka bila begi.

Kwenye kona ya mtaa wetu kuna tuta baya, jana gari lililipita likigonga mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Nilitega sikio. Lilipita kimya kabisa, kazi safi, baba angejivunia. Ndipo nikakaa juu ya lile kasha la barafu, nikalia.