Nani Anakula Data?

Nyumbani kila mtu alimwita Kachero, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Sukari ikipungua kwenye kopo, yeye ndiye aliyegundua. Mdogo wake akirudi kutoka dukani, Kachero alimtazama midomo kabla ya kuutazama mkate.

Siku za shule ratiba yake haikubadilika. Alirudi, akavua sare, akaosha vyombo, kisha akakaa mbele ya kompyuta ya sebuleni kucheza mchezo wa magari, mpaka Mama alipofunika cherehani yake na kusema, "Basi, macho yapumzike." Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Mfumo uliokuwa ukiiendesha ulinakiliwa na mtu bila ruhusa ya wenyewe, kwa hiyo kila ilipowaka ilitoa maonyo, ikajikwaa, na katikati ya mbio gari la Kachero lilisimama kana kwamba limeishiwa mafuta.

Mama akamwita Mjomba. Mjomba alikuwa mdogo wake Mama, fundi kompyuta aliyebaki bila kazi ya kudumu tangu duka alilofanyia kazi lilipofungwa. Sasa mambo yalikuwa yameanza kumnyookea. Shule ya Kachero ilikuwa imepewa kompyuta zilizotumika, na kamati ya wazazi ilikubali Mjomba aziwekee mfumo mpya, kisha aajiriwe kuangalia chumba chote cha kompyuta. Alikuwa ameshaweka kompyuta moja ya mfano, na nyingine zilikuwa zikimsubiri.

Alifika na flashi tatu mfukoni.

"Leo hatuweki kitu," alimwambia Kachero. "Leo tunachagua."

Aliwasha kompyuta kwa kutumia flashi moja baada ya nyingine, bila kugusa chochote kilichokuwa ndani, ili Kachero aone kila mfumo ulivyo.

"Hii yote ni ya ukoo mmoja, ukoo wa Linux. Lakini ndugu hawafanani tabia. Huyu wa kwanza ni mtanashati, ana madoido mengi, ila anataka mashine yenye misuli. Wa pili hatulii, kila mara anabadilika, leo hivi, kesho vile. Huyo anamfaa mwenye kompyuta mpya na moyo wa kuhangaika. Wa tatu ni mtulivu, halemei mashine kuukuu kama hii. Wewe unacheza michezo gani?"

"Wa magari. Na ule wa mpira, wa kushindana na watu mtandaoni."

"Wa magari utakubali. Uliandikwa kwa ajili ya mfumo mwingine, lakini kuna programu inayokaa katikati na kutafsiri, mpaka mchezo unajiona uko kwao. Wa mpira sikudanganyi. Una mlinzi wake wa kuzuia watu wasiibe ushindi, na mlinzi huyo haukubali mfumo huu. Kama huwezi kuuacha, sema sasa, tusije kulaumiana."

Kachero alifikiri, akachagua wa tatu. Kisha akauliza bei.

"Bure," Mjomba alisema.

Cherehani ilinyamaza. "Bure ghali," Mama alisema. "Nani huyo anayeshona nguo nzima akaigawa?"

"Wapo, dada. Tena wanaigawa pamoja na karatasi yake ya kukatia, kila mtu aone ilivyoshonwa. Ndiyo maana zinaitwa programu huria. Anayeona mshono umekaa vibaya anaurekebisha, na wenzake wanafaidi."

Mama aliridhika, maana mfano ulikuwa wa kazi yake. Kachero aliitikia kwa kichwa ili asionekane mkaidi, lakini moyoni hakukubali hata kidogo. Mtu hatoi kitu kizima bure ila ana lake jambo.

Mjomba alirudi akauweka mfumo huo, na mwanzoni magari yalikimbia vizuri kuliko zamani. Kisha dalili zikaanza. Kompyuta ilipowaka ilionyesha majina mawili ya kuingilia, moja "nyumbani" na jingine "fundi". Fundi anaingia kufanya nini kwenye nyumba ya watu? Halafu feni ya kompyuta ilianza kuvuma wakati Kachero hachezi, naye Mama akiwa amefungua picha za mishono tu. Taa ya modemu ilikonyeza bila kupumzika. Data ya mwezi ikaisha mapema, Mama akabaki kulalamika kwamba wateja wanamtumia picha na hazifunguki. Kilichommaliza Kachero kabisa ni Mjomba mwenyewe. Alipita kuwasalimu akasema, huku akicheka, "Nasikia ile kona ya mlimani kwenye mbio zako za magari umeipita hatimaye." Kachero hakuwa amemwambia Mjomba habari ya kona yoyote.

Alizipanga dalili zake kichwani kama kachero wa kweli. Alifanya kila kitu, isipokuwa kuuliza.

Kesho yake, wakiwa bombani shuleni, alimweleza rafiki yake. Rafiki huyo aliitwa Redio, na mtu mwenye akili angeona kwamba jina hilo ni onyo tosha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kachero alinong'ona. "Mjomba ametuwekea mfumo wa kutuchungulia. Anaona mpaka ninavyocheza."

"Usiniambie."

"Ndiyo nimekwambia. Usimwambie mtu."

"Mimi? Nimwambie nani?"

Redio alimwambia aliyekaa naye dawati moja, kisha watoto wa darasa la pili, na jioni akamwambia baba yake, ambaye alikuwa mjumbe wa kamati ya wazazi.

Siku iliyofuata Mjomba aliingia nyumbani alasiri, shati lake likiwa bado na mkunjo wa pasi. Hakuomba hata maji. Alisema mwalimu mkuu amesimamisha kazi yake ya chumba cha kompyuta. Kesho asubuhi kamati ingekutana, na ikiwa haingeridhika, angetafutwa fundi mwingine.

"Wanasema nachungulia nyumba za watu," alisema. "Nimewauliza nani kasema, hawanitajii."

"Nani mwenye mdomo mchafu hivyo?" Mama alifoka.

Kachero alikuwa ameshika sahani yenye povu. Angeweza kunyamaza, na Redio mwenyewe asingekumbuka habari ilianzia wapi. Lakini alimwona Mjomba akikunja upindo wa shati lake, akiunyoosha, akiukunja tena, na aibu ikamshinda.

"Ni mimi," alisema.

Mama alisimama. Kachero alirudi nyuma hatua moja, lakini kwa kuwa alikuwa Kachero, hakuweza kuishia hapo.

"Lakini Mjomba, ni kweli au si kweli?"

"Wewe mtoto!"

"Mwache, dada," Mjomba alisema. "Hilo ndilo swali alilopaswa kuniletea mimi kwanza."

Alivuta kigoda mpaka ukutani, mbali na meza, akakaa juu ya viganja vyake.

"Mimi sigusi kitu. Nikigusa utasema nimeficha. Osha mikono, washa, tafuta mwenyewe."

Kachero alifungua dirisha ambalo Mjomba alimwelekeza, lile linaloonyesha kila programu inayofanya kazi na nguvu inayotumia. Alitazamia kukuta jina la ajabu. Juu kabisa, ikila nguvu na data kuliko zote, ilikuwa programu ya kuhifadhia na kupakulia michezo.

"Hii niliifunga jana," alisema.

"Umeifungaje?"

"Nimebofya alama ya kufunga."

"Umefunga dirisha. Nyingi zikifungwa hivyo hufungika kweli, lakini hii imetengenezwa ibaki nyuma ya pazia. Ndani yake kuna neno la kutoka, na hujawahi kulibofya. Sasa ifungue uone ilikuwa inafanya nini huko nyuma."

Aliifungua. Katika ukurasa wa upakuaji kulikuwa na mchezo mkubwa wa malori, wa majaribio, umefika zaidi ya nusu. Kachero aliutambua. Aliuona siku moja akiwa na haraka, ukiwa na alama nyekundu iliyosema haulipiwi, akaubofya, akausahau. Tangu hapo kila kompyuta ilipowaka ulijipakua kidogo kidogo, ukila data ya Mama.

Mama aliinama kutazama, akasoma jina la mchezo, akarudi kwenye cherehani, akaendelea kushona. Kachero angeona afadhali kugombezwa.

"Na jina la fundi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"La matengenezo. Siku ukisahau nenosiri, niwafungulie. Linatumika kwa mtu aliyekaa hapo ulipo wewe, siyo kwa mtu aliye mbali. Njia ya kuingilia kutoka nje sikuiweka kabisa, unaweza kuitafuta. Ila kosa langu ni moja, sikuwaeleza. Hilo nalikubali."

"Na kona ya mlimani?"

"Mimi ndiye nilimwambia," Mama alisema. "Siku uliyoruka mpaka ukamwaga chai. Mtaa mzima ulikusikia."

Asubuhi Kachero na Mama walifika shuleni kabla ya kengele. Wajumbe walikuwa wamekaa ndani ya chumba cha kompyuta, na baba yake Redio alikuwa mbele, amekunja mikono. Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, alimruhusu Kachero aseme. Alisema yote: dalili, bomba, mchezo wa malori.

"Lisemwalo lipo," baba yake Redio alisema. "Na kama halipo, laja."

"Lilikuwepo, baba," Kachero alijibu. "Lakini lilikuwa kwangu."

"Tutajuaje kama hujafundishwa cha kusema? Yule ni mjomba wako."

Kachero hakumtazama Mjomba. Aliiwasha ile kompyuta ya mfano, akafungua dirisha lilelile, akampisha kiti.

"Kaa uangalie mwenyewe."

Baba yake Redio alikaa. Alibofya moja. "Hii nini?" Ilikuwa saa. "Na hii?" Ilikuwa ya mashine ya kuchapishia. Aliuliza moja moja, akiwa amekunja uso, mpaka wajumbe wengine wakaanza kutazamana. Mjomba, akiwa amesimama mlangoni na mikono nyuma, alijibu kila swali bila kuchoka. Mwishowe yule mzee aliegemea kiti.

"Kompyuta ya dukani kwangu nina miaka nayo," alisema. "Sijawahi kujua ndani yake kuna nini. Utakuja uniangalizie?"

"Nitakuja," Mjomba alisema. "Lakini wewe ndiye utakayekaa kwenye kiti."

Kamati haikuchukua muda tena. Mwalimu mkuu alitoa ufunguo wa chumba mfukoni, akampa Mjomba mbele ya wote. Kisha akamgeukia Kachero.

"Kushuku si kosa. Mtu asiyeshuku chochote mtandaoni ataibiwa mpaka jina. Ulifanya vizuri kuziona zile dalili. Kosa lako ni kwamba shaka yako uliipeleka bombani badala ya kuipeleka kwa mwenyewe, na kwa siku nzima mtu asiye na hatia alikuwa hana kazi. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Kutangaza kabla ya kuuliza ndio ujinga."

Nje ya chumba Kachero alimshika Mjomba mkono wa shati.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe tangu jana, uliposema, 'Ni mimi.'" Mjomba aliinama mpaka macho yao yakalingana. "Lakini msamaha wangu haurudishi yaliyosambaa. Yalitoka mdomoni mwako. Wafuate wote, mmoja mmoja, uwaambie ulikosea."

"Wote? Redio amewaambia mpaka wa darasa la pili."

"Basi hata wa darasa la pili."

Kengele ya mapumziko ililia. Kachero alianza na Redio, ambaye alisikiliza hadithi nzima ya mchezo wa malori, akasema, "Kumbe," kisha akaondoka taratibu akila andazi lake. Habari hii hakumpelekea mtu. Kachero alisubiri kidogo aone kama itatembea yenyewe kama ile ya kwanza. Haikutembea. Akakaza kamba za viatu, akaenda dawati kwa dawati, akisema maneno yaleyale, na baadhi ya watoto walimcheka usoni. Mapumziko yalikwisha akiwa hajamaliza hata darasa moja.