Ukimya wa Runinga ya Nyanchoka

"Zoezi la Kuthibitisha Ukimya wa Runinga Kuukuu, Awamu ya Pili." Kwa jina hilo refu kuliko kazi yenyewe, rafiki yangu Duke Obwocha alitumwa kijiji cha Itumbe kumpa bibi kizee Nyanchoka king'amuzi cha bure, mradi atie sahihi kwamba runinga yake, iliyokatiwa matangazo miaka kumi iliyopita, haisemi. Ofisi yenye akili hizo ilikuwa imeandika jina la Duke kwenye beji yake "Ombwocha" na kukataa kuirekebisha.

"Lakini inasema," Nyanchoka akamwambia. "Mvua ikinyesha husoma matangazo ya vifo. Mimi ni Msabato, mwanangu. Sitii sahihi uongo."

"Magokoro," Duke akamwita bibi kwa Kigusii, "waya wenyewe umeliwa na panya. Utakosa king'amuzi kwa ajili ya ndoto?"

"Basi keti usikilize."

Mvua ikaanza kupiga mabati, chumba kikaingia giza saa tisa mchana. Duke alikaa akicheka kimoyomoyo. Kioo hakikuwaka. Ndani ya sanduku kitu kilikwaruza, kisha sauti tulivu ya mwanamume ikasoma majina matatu na siku za maziko.

La tatu lilikuwa la Duke, maziko Ijumaa, na lilisomwa kama lilivyoandikwa kwenye beji: Ombwocha.