Kompaila Iliyomjibu Fundi

Walikutana kwenye lifti ya hospitali, watu wamebanana, kahawa ya kijana ikamwagikia sare nyeupe ya nesi.

“Utaifua wewe?” nesi akamuuliza, akimpima tangu viatu hadi shati la buluu.

“Na ya kesho pia, ukiniruhusu.”

Mapenzi hayapigi hodi. Wenzake walimwita nesi Shungi. Kijana yeye akawa Fundi, kwa kuwa aliandika programu za pampu zinazodondosha dawa kwenye mishipa ya wagonjwa.

Mchana mmoja Fundi aliweka kompaila mpya kwenye kompyuta yake, ile inayogeuza maandishi yake kuwa amri ambazo pampu inazielewa. Desturi ya ofisini kwao ni kuijaribu kwanza kwa salamu na hesabu ndogo ya dozi. Salamu yake ilikuwa “Nakupenda Shungi”. Majibu yakatoka sawasawa, akapiga simu.

“Imekubali, mpenzi! Pampu zinapata programu mpya leo hii.”

“Na saa kumi uje wodini kuniposa kwa mama. Ukichelewa, nampa mwenzio nafasi yako.”

Mama yake Shungi alikuwa amelazwa hapo hapo hospitalini.

Saa kumi ikapita. Shungi alikuwa ameketi kando ya kitanda, gauni la zambarau, midomo imekolea rangi, simu haipokelewi. Mama alisinzia zaidi kuliko asubuhi, lakini hasira ilimpofusha binti yake. Hatimaye simu ikalia.

“Mwongo wee! Umenikimbia!”

“Mama yuko kwenye pampu?”

“Usinibadilishie maneno.”

“Shungi, funga dawa! Kompaila ya zamani sikuiondoa, ndiyo iliyonijibu kwenye jaribio. Lakini pampu zimepewa programu iliyotoka kwenye ile mpya. Hiyo mpya nimeijaribu sasa hivi, inazidisha dozi maradufu!”

Shungi akaifunga pampu. Akamtikisa mama, akamwita, akamtikisa tena. Jicho moja likafunguka taratibu.

“Mkwe wangu kafika?”

Shungi aliangua kilio.

“Yuko hai,” alisema kwenye simu.

“Nisamehe. Haraka ya kukuona ndiyo imeniponza.”

“Nimekusamehe, mjinga wangu. Nakupenda. Pampu nyingine ziko wapi?”

Shungi akamsikia akibonyeza namba kwenye simu nyingine.

“Fundi?”

“Wodi ya watoto. Napiga, hawapokei.”

Shungi akavua viatu vya kisigino, akaikimbilia ngazi.

“Usikate simu,” alimwambia. “Nisikie nikifika.”